Jina Nililoombwa Nisilitaje

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe vya kuazima, na kabla ya saa tatu asubuhi vilikuwa na damu. Mgonjwa mmoja alikuwa amejisahau, akaondoa kidole kwenye pamba iliyoziba tundu la sindano kabla ya wakati. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kliniki ya figo kusini mwa Dallas, nami nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mama wa watoto watatu, niliyetoka Wundanyi nikiwa mtu wa maabara katika hospitali ya misheni. Meneja wa Kliniki, mama wa Kiteksasi asiyependa maneno mengi, alinitazama miguuni akaniambia, "Sasa ndiyo umeajiriwa." Hakucheka. Alinipa kitambaa nipanguse, tukaendelea na kazi.

Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mnakuta mashine inayojieleza yenyewe. Zetu zilipiga kelele pia, ila mara nyingi zilikuwa zinadanganya, na fundi alilazimika kumwangalia mgonjwa kuliko kioo cha mashine. Figo zikifa, uchafu na maji hubaki kwenye damu. Mara tatu kwa wiki, kwa saa nne kila mara, tunaitoa damu kidogo kidogo, tunaipitisha kwenye chujio, tunairudisha. Damu inahitaji mlango wa kutokea na kurudia, na mlango huo ni fistula: daktari wa upasuaji huunganisha mshipa utokao moyoni na ule unaorudi, hapo mkononi, mpaka mshipa unenepe na kutuna chini ya ngozi. Ukiweka kidole unautambua kwa mtetemo, ukiweka sikio unausikia unavuma. Fundi anayechoma sindano kabla ya kuweka kidole si fundi, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta.

Halafu kuna uzito mkavu, yaani kilo anazopaswa kuwa nazo mgonjwa maji ya ziada yakishatoka. Anapimwa akiingia, anapimwa akitoka. Akija Jumatatu amezidi kilo nne, unajua wikendi kulikuwa na tikitimaji. Nimeongopewa kuhusu tikitimaji na watu wazima wenye heshima zao, wachungaji wakiwemo. Nilijifunza kutogombana nao, nikawa nawauliza tu kama lilikuwa tamu.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Mansfield, hapo hapo karibu na Dallas, chini ya Muuguzi Mkuu ambaye aliwahi kuwa mwanajeshi na bado alitembea hivyo. Huyo ndiye aliyenifundisha siri ya kazi. Katika kliniki ya figo watu hukaa kiti kwa kiti, saa nne, mara tatu kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, na mtu aliyefungwa kwenye mashine huzungumza. Utajua nani kaachwa na mkewe na nani hana mtu wa kumpikia. Muuguzi Mkuu alituita mafundi wote akasema, "Kinachosemwa kwenye kiti kinabaki kwenye kiti." Mimi mwenye mdomo nikamwuliza, na mgonjwa akifa je? Akanitazama. "Akifa hawezi tena kukupa ruhusa," akasema. "Kwa hiyo hapo ndipo unanyamaza zaidi." Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari chini. Siku zote nilikuwa mwanafunzi mzuri wa kuandika.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini mume wangu alipata kazi bandarini Houston, nami nikaomba uhamisho. Huko nikapandishwa cheo kuwa Fundi Kiongozi. Maana yake ni kwamba asubuhi wewe ndiye unayepima maji kwanza, kwa sababu klorini ikipenya kwenye mashine inapasua chembe za damu, na watu kumi na sita wanaweza kudhurika kwa uvivu wa mtu mmoja. Wewe ndiye unayepewa mikono migumu, ile ambayo mafundi wengine wamechoma mara mbili wakakosa. Nilikuwa na mkono mwepesi, nasema bila haya, na sifa zilinipendeza. Hilo la kupenda sifa liwekeni akilini, kwa maana ndilo lililoniponza.

Mzee alikuja kwetu katika mwaka wangu wa pili Houston. Jina lake sitalitaja, na mtaona sababu. Binti yake ameyasoma haya kabla yenu, akaniruhusu kuyatoa bila jina wala sura. Aliingia akiwa na kofia pana ya ngozi, ndevu nyeupe na miguu myembamba iliyopinda ya mtu aliyekulia juu ya farasi. Nilipomwona alivyo mweusi, nikasema moyoni huyu ni wetu, labda Msudani, labda Mturkana aliyezeekea ughaibuni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaniuliza kwa Kiingereza nimemwambia nini. Nikamweleza kwamba ndivyo tunavyowaamkia wakubwa, na kwamba hujibiwa marahaba. "Basi uwe unaniambia kila siku," akasema. "Hapa kila muuguzi ananiita mpenzi."

Hakuwa Msudani. Alikuwa mwenyeji asilia wa Australia, kutoka kaskazini mwa nchi ile, na alikuwa mwigizaji wa sinema. Ujanani alichunga ng'ombe wa wazungu, kwa ujira wa unga, chai na tumbaku. Siku moja watu wa sinema walikuja wakitafuta mpanda farasi, na wakamwona ana uso ambao kamera haiuachi. Akaigiza miaka zaidi ya ishirini. Alikuwa akisema wamemuua mara nyingi mno, karibu kila mara kabla ya sinema kufika katikati, ili hadithi ya wengine iendelee. Lakini kwao sinema ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa uzee: kuwafundisha vijana ngoma, nyimbo na sheria za ardhi yao. Figo zilipokufa akaambiwa hakuna mashine karibu na kwao, itabidi ahamie mji wa mbali asiko na mtu. Binti yake alikuwa mtaalamu wa miamba katika kampuni ya mafuta hapo Houston. Mzee akasema kama ni kukaa mbali na ardhi yake, basi akae karibu na mwanawe.

Aliyemleta kliniki na kumrudisha alikuwa Bwana Salim, Mzanzibari, dereva wa basi letu dogo la wagonjwa. Salim naye alimwita Mzee, na mafundi wakatuiga, Wamarekani na Wafilipino, mpaka Mkurugenzi wa Kliniki mwenyewe. Kwa miaka mitatu hakuna mtu katika jengo lile aliyemwita kwa jina isipokuwa siku za kusaini fomu. Mkono wake ulikuwa mgumu, mshipa ulikuwa na kona, na nilimchoma mimi tu. Akinisikia nimepitisha sindano bila kumuumiza husema, "Ungeweza kupigilia farasi viatu vya chuma." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Sisi Wakenya tuliozoeana Dallas tulikuwa na umoja wetu, na ingawa nilihama, kila mwezi niliendesha gari saa nne kurudi Cedar Hill, kando ya Dallas, kwenye ukumbi tuliokuwa tukikodi. Pasaka moja nikamwomba binti yake ruhusa, nikaenda na Mzee. Watoto wetu, wale wa kuwasemesha Kiswahili wakakujibu Kiingereza, kwa mara ya kwanza walikuwa na mzee wa kumsikiliza kwa lugha yao. Walikaa chini mbele yake saa nzima bila kuchokozana. Aliwaonyesha kwa mikono tu jinsi ndege fulani wa kwao anavyotua majini. Kina mama walimlisha chapati kupita kiasi, nami fundi wake nikajifanya sioni. Kila mtu alitaka kupigwa picha naye, naye hakukataa. Nilipozitazama baadaye, niliona karibu katika kila moja nami nimo, nimemshika mkono wa fistula.

Tangu hapo umoja mzima ukamfanya wake. Wakinipigia simu walianza na habari za Mzee kabla ya habari za watoto wangu. Mimi nikawa mtu wa maana kwa ajili yake. Kwenye harusi nilitambulishwa kama yule mama anayemtibu mwigizaji. Sikuwa daktari, ila sikumsahihisha mtu.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Kliniki yetu ilikuwa na desturi: mgonjwa akifa, picha yake yenye jina iliwekwa mezani pale mapokezi kwa wiki moja, pamoja na mshumaa. Kukiwa na watu wale wale kila siku, kiti kitupu huwashtua wenzake, na ile picha iliwasaidia. Asubuhi moja Mzee aliipita picha ya jirani yake wa kiti cha nane, akaja akakaa, akaniacha nimfunge mkanda wa presha, nikaweka kidole kwenye mtetemo. Ndipo akaniambia.

"Mimi nikifa, usiweke picha. Na jina langu lisitajwe, mpaka watu wangu waseme sasa linaweza kutajwa. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miaka mingi."

Nikamwuliza kwa nini. Alinipa sababu kidogo, kwamba kumtaja na kumwonyesha ni kumsumbua anayekwenda na kuwaumiza wanaobaki. Nyingine akasema si zangu kuzijua. Kwao hata sinema zake zingefungiwa kabatini kwa muda, na mwenye jina kama lake angeitwa kwa neno jingine. Nikamwambia kwetu ni kinyume, kwetu mtu asipotajwa ndipo anapokufa kweli, na mjukuu hupewa jina la babu ili babu asipotee. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali. "Ni vizuri kwenu," akasema. "Mimi nakuomba la kwetu. Utanifanyia?"

Nikasema, "Nitakufanyia, Mzee." Nikamchoma sindano zote mbili, hakuhisi kitu. Kwetu tunasema ahadi ni deni, na sikuwahi kutoa ahadi kwa mtu aliyeniamini zaidi ya yule, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Alifariki siku ya Jumapili. Wenye kazi yetu wanajua hatari ya wikendi: mgonjwa akisafishwa Ijumaa, hukaa siku mbili nzima bila mashine mpaka Jumatatu, na moyo uliochoka mara nyingi huchagua siku hizo. Alikuwa amekaa kibarazani kwa binti yake. Binti alinipigia simu mwenyewe. Alilia, kisha akasema taratibu, "Unakumbuka alivyotaka." Nikamwambia nakumbuka. Jumatatu niliiondoa ile meza ya picha pale mapokezi kabla yeyote hajauliza, nikamweleza Mkurugenzi, akakubali. Hapakuwa na picha wala mshumaa. Nilijiona nimetimiza.

Jumanne watu wa umoja wetu wakapiga simu kutoka Cedar Hill. Kina mama walikuwa wamekutana, wamelia, wameamua kwamba Mzee hawezi kuondoka kimya kimya kama mtu asiye na watu. Wataomboleza kwa jinsi yetu: ibada, wasifu, kijitabu chenye picha, picha kubwa mlangoni. Nami, kama niliyemjua kuliko wote, niongoze kamati. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba desturi yao haitaki picha. Katibu wetu akanijibu, "Lakini Mama, tuki-print programu bila picha na bila jina, watu watajua tunamlilia nani? Itakuwa aibu."

Hapo ningesema neno moja na jambo lingeisha. Badala yake nikajifanyia uwakili. Nikajiambia Mzee alizungumza habari za kliniki, hakutaja Cedar Hill. Nikajiambia wa kwao hawataona, ni mwendo wa saa nne. Nikajiambia upendo hauna makosa. Chini ya hayo yote lilikuwepo jambo moja ambalo sikujiambia, nalo ni kwamba nilitaka kusimama mbele ya ukumbi uliojaa nikaseme nilivyomjua mtu yule, na watu waone. Wasifu niliuandika mimi. Niliweka sinema zake, ugonjwa wake, kiti chake, hata jinsi mshipa wake ulivyokuwa na kona na ni nani pekee aliyeweza kuuchoma.

Kisha nikafanya la pili, kubwa kuliko la kwanza. Dada yake Mzee, mama mkongwe, alikuwa amefika kutoka Australia kuja kumchukua nduguye amrudishe kwao. Kwetu huwezi kufanya maombolezo na wenye msiba wapo saa nne tu kutoka hapo usiwaalike. Nikampigia binti nikamwambia watu wetu watakuwa na maombi kidogo, tungefurahi kuwaona. Maombi kidogo, ndivyo nilivyosema. Nilijua kwa nini nimetumia neno kidogo.

Bwana Salim ndiye aliyepangiwa kuwaleta. Alikuwa ameshasikia habari za kijitabu, kwa sababu siri za Waswahili hazilali. Akanipigia simu. "Mama Mghoi, miye mambo ya picha hayanihusu, kwetu hatuna hayo. Lakini wewe ulisha-promise. Wosia wa maiti ni amana, dada. Mwenyewe kasema asitajwe, basi asitajwe." Nikamjibu kwamba wakifika wataona upendo wetu, wataelewa. Akasema, "Haya. Nitawaleta." Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Watu walitoka Plano na suti zao za ofisini, wauguzi walikuja moja kwa moja kutoka zamu. Mlangoni nilikuwa nimesimamisha picha yake kwenye fremu, urefu wa mtoto wa miaka saba, na maua pande zote. Chini yake lilikuwa jina lake lote, la kwanza, la kati na la ukoo. Wasichana wawili wenye glavu nyeupe waligawa vijitabu. Niliiangalia kazi yangu nikaridhika.

Dada yake aliingia ameshikwa mkono na binti. Alikuwa mfupi, mwenye macho ya nduguye, na amevaa koti zito alilonunuliwa kwa safari. Msichana mmoja akampa kijitabu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama tulivyomfundisha. Mama yule akakitazama. Halafu akainua macho, akaiona picha.

Sauti iliyomtoka sitaieleza. Alifunika macho kwa mkono, akageuka, akaketi chini pale pale kwenye ukumbi wa kuingilia, uso ameuelekeza ukutani. Ndani, mshereheshaji hakuwa ameona kitu. Alikuwa ameambiwa familia imefika, basi akawakaribisha familia ya marehemu, na akamtaja, jina zima, kwenye spika zilizofungwa mpaka huku nje. Akalitaja tena. Kila alipolitaja niliona mabega ya yule mama yanaruka.

Nilivua leso yangu begani nikaifunika picha. Nikakimbia mbele nikamshika mshereheshaji mkono. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akaniuliza kwa wema, "Mama, kwani mic ina shida?" Nikamwambia anyamaze, asiseme tena jina lile, waimbe wimbo wowote. Watu mia mbili wakawa wananitazama. Hiyo ndiyo hadhira niliyoitaka.

Niliporudi mlangoni binti alikuwa amepiga magoti karibu na shangazi yake. Hakupaza sauti.

"Alikwambia?" akaniuliza.

"Aliniambia."

"Ukasahau?"

Hapo mlango wa uongo ulikuwa wazi, na angenipokea. Mtu aliyesahau husamehewa. Nikamwambia, "Sikusahau."

Akakikunja kijitabu kilichokuwa mkononi mwake, picha ikaingia ndani. "Miaka mitatu mlimwita Mzee," akasema. "Na kila mtu humu ndani alijua ni nani. Kwa nini leo halikutosha?"

 Nilisimama pale mikono mitupu. Salim alileta basi mpaka mlangoni, wakamwinua mama yule, wakaondoka bila kukaa hata kwenye kiti, saa nne nyingine za barabara. Aliniambia baadaye alisimamisha gari mara mbili ili mama ashuke avute pumzi. Hakunikumbusha kwamba alinionya. Huku ukumbini pilau ililiwa, maana ilikuwa imeshapikwa, na wengine walinung'unika kwamba wageni wale hawakuthamini.

Jumatatu nilikwenda mwenyewe ofisini kwa Mkurugenzi, na kijitabu nimekifunga ndani ya bahasha. Nikamwambia kilichomo: jina la mgonjwa, ugonjwa wake, kiti chake, mshipa wake, vyote vimeandikwa na mimi na kugawiwa. Alikisoma mlango ukiwa umefungwa. Akaniambia kama angeletewa na mtu mwingine angenifukuza siku hiyo hiyo. Nilivuliwa cheo, nikarudi kuwa fundi wa kawaida, na kijana niliyemfundisha mimi akawa anapima maji asubuhi na kunipangia viti. Ilikuwa haki. Nilimtii, ingawa alichoma kwa haraka.

Kisha nikaanza kazi ambayo hakuna mtu aliyenituma. Tulichapa vijitabu mia mbili. Sisi kijitabu cha msiba hatukitupi. Kinawekwa kwenye Biblia, kinabandikwa kwenye friji, mtu anakufa nacho. Kila siku yangu ya mapumziko niliendesha gari kwenda Cedar Hill, Mansfield, Plano, nyumba kwa nyumba, kuomba nirudishiwe. Ilibidi nieleze sababu kila mlango, na sababu ilikuwa mimi. Wengine walinihurumia, wengine walinicheka kidogo. Mama mmoja wa Plano alikitoa kwenye friji akakibana kifuani. "Mama Mghoi, mimi pia nilimpenda," akasema. "Ukichukua hii mimi nitabaki na nini?" Nikamwambia nami nilimpenda, na ndivyo nilivyofika hapo mlangoni kwake. Tukalia wote wawili jikoni, mwishowe akanipa.

Nilipata mia na sitini na tatu. Vilivyobaki sijui viko wapi, na kuna siku namwona Mzee akinitazama kutoka kwenye friji nisiyoijua. Nilimwandikia binti barua kumwuliza nivichome au nifanyeje. Akajibu kwa mstari mmoja, nisichome, nimpelekee. Niliviweka kwenye sanduku nikalifunga kwa utepe, na juu yake sikuandika chochote ila anwani. Baada ya mwaka na zaidi akanipigia simu kuniuliza hali ya mgongo wangu. Tukawa tunazungumza mara moja moja. Habari ya siku ile hatukuigusa.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini na miwili, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa miaka ya elfu mbili, kwa keki na saa ya ukutani kama ilivyo ada. Mkurugenzi mpya, asiyejua lolote, alisema nimechoma sindano nyingi kuliko fundi yeyote katika jengo lile. Vijana wakaniomba niwaachie neno. Nikawaambia waweke kidole kabla ya sindano, na wasidanganye kwenye uzito. Sikuwaambia lile lingine, kwamba mgonjwa akikuomba jambo la kwao, hakuombi ulielewe. Sikujiona mtu wa kulisema.

Lakini kama mnadhani aibu imenifundisha, sikilizeni. Wiki ya pili ya kustaafu kwangu, simu ililia nikiwa jikoni. Alikuwa binti wa Mzee, na sauti yake ilikuwa nzito. Akaniambia shangazi yake amefariki, huko kwao, akiwa usingizini. Nikashikwa na huzuni ya kweli, nikavuta kiti nikakaa, na mkono wangu ukachukua kalamu na karatasi zilizokuwa mezani, kama tunavyofanya kila tukipokea habari ya msiba, ili tuwatangazie wenzetu.

"Pole sana, mwanangu," nikasema. "Aliitwa nani? Niwaambie watu wetu tumwombee."

 Nilikuwa nimeshaandika tarehe juu ya karatasi na kuacha nafasi ya jina.

"Mama Mghoi," akasema polepole, "nimekupigia wewe kwa sababu nilidhani wewe unajua."

Nikaiweka kalamu chini. Naye hakukata simu.